Somo la 8: Rafiki Atiaye Nguvu katika Mungu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Samweli 18:1–9, 1 Samweli 20, 1 Samweli 23:13–18, 2 Samweli 15:30–37, 2 Samweli 9, Yohana 15:12–15.

Fungu la Kukariri: 1 Samweli 23:16. Lisome katika Biblia yako kwa sauti, kisha lieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Waswahili husema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Methali hiyo inapatana na Mithali 17:17, inayofundisha kwamba upendo wa rafiki hauchagui majira, na kwamba udugu hujulikana taabu inapobisha hodi.

Hata hivyo, Biblia inakwenda hatua moja mbele ya methali. Mtu anaweza kumfaa mwenzake kwa dhiki, akamkopesha nauli, akakesha naye hospitalini, akamchangia msiba, na bado asimsogeze karibu na Mungu hata kidogo. Tena anaweza kumfaa huku akiweka hesabu moyoni, akingoja siku yake ya kulipwa. Katika maisha ya Yonathani mwana wa Sauli, Maandiko yanaonyesha urafiki wa namna nyingine. Yonathani alimpenda mtu ambaye, kwa kuwa hai tu, alimkosesha kiti cha enzi. Alimwendea rafiki yake mafichoni akamtia nguvu, lakini nguvu hizo hazikuwa zake. Zilikuwa katika Mungu. Na katika maisha haya hakulipwa chochote.

Juma hili tunajifunza urafiki huo: ulivyoanza, ulivyogharimu, ulivyotia nguvu, na ulivyodumu hata baada ya kifo. Tutaangalia pia upande wake wa maumivu, yaani siku rafiki anapogeuka. Mwishoni tutamtazama Yeye aliyewaita wanafunzi wake rafiki, akijua kwamba usiku uleule wangemkimbia.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa na Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Joho la Mwana wa Mfalme

Soma 1 Samweli 18:1–9. Yonathani alimpa Daudi vitu gani? Linganisha mwitikio wake na ule wa baba yake.

Mara nyingi Yonathani na Daudi huchorwa kama vijana wawili wa rika moja. Biblia yenyewe inaelekeza kwingine. Matendo 13:21 inasema Sauli alitawala miaka 40, na 2 Samweli 5:4 inasema Daudi alikuwa na umri wa miaka 30 alipoanza kutawala, muda mfupi baada ya Sauli kufa. Kwa hesabu hiyo, Daudi alizaliwa Sauli akiwa tayari amekaa katika kiti cha enzi miaka ipatayo 10. Lakini 1 Samweli 13:2 inamtaja Yonathani akiongoza askari 1,000 katika siku za mwanzo za utawala wa baba yake. Basi inaelekea kwamba Yonathani alimzidi Daudi kwa miaka mingi. Aliyevua joho lake alikuwa mtu mzima, kamanda mwenye sifa vitani, na aliyevikwa alikuwa mchungaji kijana kutoka Bethlehemu.

Yonathani alikuwa na kila sababu ya kuona wivu. Hapo nyuma yeye na mbeba silaha wake, watu wawili tu, waliishambulia ngome ya Wafilisti kwa imani kwamba Bwana haoni shida kuokoa, watu wawe wengi au wachache (1 Samweli 14:6). Sasa kijana mwingine alikuwa amesimama peke yake mbele ya Goliathi kwa imani ileile, na sifa zote zikamwendea yeye. Sauli aliusikia wimbo wa wanawake, na tangu siku hiyo akamwangalia Daudi kwa jicho baya. Yonathani naye aliusikia wimbo huohuo. Nyumba ilikuwa moja na habari ilikuwa moja, ila mioyo ilikuwa miwili.

Pamoja na joho, Yonathani alimpa Daudi mavazi yake, upanga, upinde na mshipi. Si zawadi ndogo. Kulikuwa na wakati ambapo, kwa sababu Wafilisti waliwazuia Waisraeli kuwa na wahunzi, upanga ulionekana mikononi mwa watu wawili tu katika jeshi zima: Sauli na Yonathani (1 Samweli 13:19–22). Upanga wa mwana wa mfalme ulikuwa heshima yake na usalama wake. Aliutoa bila kuombwa.

Urafiki wa kweli huanzia hapo, pale mtu anapoweza kufurahia neema ya Mungu katika maisha ya mwenzake bila kuhisi kwamba amenyang'anywa kitu. Kanisani wivu hauji siku zote kwa sura ya chuki. Huja kama ukimya wakati wa kumpongeza aliyechaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Huja kama maneno "ni mzuri, lakini…" kumhusu mwimbaji mpya wa kwaya. Sauli alianza na jicho tu. Mkuki ulifuata baadaye.

*Ni nani aliyepewa na Mungu karama au nafasi uliyoitamani wewe? Ni "joho" gani unaloweza kumvika mtu huyo juma hili, kwa neno au kwa tendo?*

JUMATATU

Kiti Kilichokuwa Kitupu

Soma 1 Samweli 20:24–42. Yonathani alipoteza nini siku ile kwa sababu ya Daudi?

Ilikuwa sikukuu ya mwandamo wa mwezi. Mfalme aliketi mahali pake karibu na ukuta, Abneri kando yake, na mahali pa Daudi palikuwa patupu. Siku ya kwanza Sauli alinyamaza, akidhani Daudi amepatwa na unajisi fulani. Siku ya pili aliuliza. Yonathani alipomtetea rafiki yake, hasira ya Sauli ilimgeukia yeye. Alimtukana pamoja na mama yake mbele ya watu, kisha akamwambia neno zito kuliko tusi: maadamu mwana wa Yese yu hai, ufalme wa Yonathani hautathibitika.

Katika jambo hilo Sauli hakukosea. Kwa hesabu za kidunia alisema kweli, na Yonathani alijua. Angeweza kuwa mfalme kwa kunyamaza tu. Hakuhitaji kushika upanga wala kutunga uongo juu ya Daudi. Ilitosha asiseme neno, na mkono wa baba yake ungemaliza kazi. Badala yake aliuliza maswali mawili rahisi: Daudi ana kosa gani? Kwa nini afe? Jibu lilikuwa mkuki.

Wengi husema damu ni nzito kuliko maji, na kwa msemo huo hufunika maovu ya ukoo. Yonathani hakumchukia baba yake. Baada ya mambo haya yote alirudi mjini, akaendelea kumtumikia, na mwishowe alikufa karibu naye katika mlima Gilboa. Lakini hakukubali kwamba kumheshimu mzazi ni kushiriki dhambi ya mzazi. Aliondoka mezani pasipo kula, akiwa na huzuni kwa ajili ya Daudi.

Kesho yake asubuhi alikwenda shambani na kijana mdogo, kana kwamba anafanya mazoezi ya upinde. Mshale uliopita mbele ya kijana ulikuwa ishara ya kumwambia Daudi akimbie. Mpango ulikuwa umekamilika hapo, na Yonathani angeweza kurudi nyumbani salama. Lakini alimtuma kijana mjini na silaha, wakaonana ana kwa ana, wakalia pamoja. Hata mashujaa wa vita walilia, na Biblia haioni aibu kuliandika jambo hilo. Kisha Yonathani akamwambia rafiki yake aende kwa amani, akimkumbusha kiapo walichoapa kwa jina la Bwana.

Angalia kwamba habari nzima ilianza na kiti kitupu. Sauli alikiona kiti hicho, naye akawaza jinsi ya kumwua mwenye kiti. Yonathani alikiona kiti hichohicho akawaza jinsi ya kumwokoa. Katika madarasa ya Shule ya Sabato kiti kitupu huonekana kila juma. Katibu huandika idadi ya waliohudhuria, na mara nyingi jambo huishia katika kadi ya darasa.

*Kiti cha nani kimekuwa kitupu darasani kwako kwa majuma kadhaa? Je, kuna mtu anayejua sababu? Ikiwa kuna maneno yanayosemwa juu yake, ni nani amethubutu kuuliza, "Ana kosa gani?"*

JUMANNE

Safari ya Horeshi

Soma 1 Samweli 23:13–18. Yonathani alimwambia Daudi maneno gani hasa? Kwa nini Biblia inasema alimtia nguvu "katika Mungu"?

Hali ya Daudi ilikuwa mbaya. Alikuwa na watu wapatao 600, bila makao. Alikuwa ameiokoa Keila mikononi mwa Wafilisti, kisha akaambiwa na Bwana kwamba watu wa mji huohuo wangemtoa kwa Sauli. Akakimbilia jangwa la Zifu, ambako wenyeji nao walikuwa tayari kwenda kumshtaki kwa mfalme (fungu la 19). Aliowasaidia wangemwuza, na waliomzunguka walikuwa wakimpeleleza. Sauli alimtafuta kila siku.

Katikati ya habari hiyo, Yonathani anatokea Horeshi. Mfalme mwenye jeshi na wapelelezi hakumpata Daudi, kwa kuwa Mungu hakumtia mkononi mwake. Lakini rafiki mmoja alimfikia. Kutoka Gibea, mji wa Sauli, hadi nyika ya Zifu kusini ya Hebroni ni mwendo wa zaidi ya kilomita 30 za vilima na mawe. Kila hatua ya safari hiyo ingeweza kuhesabiwa kuwa uhaini.

Biblia haisemi kwamba alileta chakula, fedha wala askari. Huenda alileta, lakini mwandishi hakuona haja ya kulitaja. Kinachoandikwa ni kwamba aliutia nguvu mkono wa Daudi katika Mungu. Alimwambia asiogope. Alimwambia mkono wa Sauli hautampata. Alimwambia atakuwa mfalme juu ya Israeli. Maneno hayo hayakuwa faraja ya kubuni. Yalijengwa juu ya kile ambacho Bwana alikuwa amekwisha kukinena kwa kinywa cha Samweli. Yonathani alimrudishia Daudi ahadi ya Mungu wakati ambapo Daudi, akiwa amechoka na kusalitiwa, alikuwa karibu kuipoteza machoni.

Hii ndiyo tofauti kati ya kumliwaza mtu na kumtia nguvu katika Mungu. Kumliwaza ni kumwambia mgonjwa, "Utapona tu," hata kama hakuna ajuaye. Kumtia nguvu katika Mungu ni kukaa naye, kumsomea ahadi ambazo haziwezi kushindwa hata na ugonjwa wake, na kuomba naye. Kumliwaza humfanya mtu amtegemee rafiki. Kumtia nguvu katika Mungu humwacha akiwa amesimama hata rafiki anapoondoka. Na Yonathani aliondoka: Daudi akakaa Horeshi, naye Yonathani akaenda nyumbani kwake. Biblia haionyeshi tena siku nyingine ambayo wawili hawa walionana.

Yapo maneno ya Yonathani ambayo hayakutimia. Alitumaini kwamba Daudi atakapokuwa mfalme, yeye atakuwa wa pili wake. Hakuwahi kuwa. Aliposema habari ya ahadi ya Mungu, neno lake lilisimama. Aliposema habari ya tumaini lake mwenyewe, lilikatizwa na Wafilisti vitani. Maandiko hayaeleza sababu. Yanaonyesha tu mtu aliyekuwa radhi kuwa wa pili, na asipewe hata hicho, na ambaye hakuna mahali alipojutia safari ya Horeshi.

*Mkumbuke mtu aliyewahi kukutia nguvu katika Mungu. Alifanya nini ambacho wengine hawakufanya? Ni nani leo yuko katika "Horeshi" yake, akingoja mtu amfikie?*

JUMATANO

Rafiki Anapogeuka

Soma 2 Samweli 15:12, 30–37, Zaburi 41:9, Zaburi 55:12–14. Ni maumivu gani ambayo Daudi anasema ni mazito kuliko uadui wa adui?

Miaka mingi ilipita. Daudi alikuwa mfalme, na sasa alikuwa akimkimbia mwanawe Absalomu. Akipanda mlima wa Mizeituni bila viatu, akilia, aliletewa habari kwamba Ahithofeli, mshauri wake, yumo miongoni mwa waasi. Ushauri wa Ahithofeli ulithaminiwa kana kwamba mtu ameuliza kwa neno la Mungu (2 Samweli 16:23). Kumpoteza mtu kama huyo kulikuwa pigo la vita na pigo la moyo pia.

Lakini usaliti mara nyingi una historia. Bathsheba aliitwa binti Eliamu (2 Samweli 11:3), na katika orodha ya mashujaa wa Daudi anatajwa Eliamu mwana wa Ahithofeli (2 Samweli 23:34). Ikiwa ni Eliamu yuleyule, kama wafafanuzi wengi wanavyoona, basi Ahithofeli alikuwa babu yake Bathsheba. Orodha hiyohiyo inafungwa kwa jina la Uria Mhiti. Uria alikuwa shujaa mwaminifu aliyekataa kwenda kulala nyumbani wakati wenzake wako vitani, na Daudi alimpa mkononi mwake barua ya kifo chake mwenyewe.

Yule aliyependwa na Yonathani kwa uaminifu wa namna ile alikuja kuuvunja uaminifu kwa mtu aliyemtegemea. Fundisho hili ni chungu, lakini ni la lazima. Anayelia kwa kusalitiwa ajichunguze pia kama hakuna aliyelia kwa sababu yake. Hilo halihalalishi kisasi cha Ahithofeli. Uchungu uliotunzwa ulimpeleka kumshauri mwana amwaibishe baba yake, na mwisho wake ulikuwa kitanzi (2 Samweli 17:23). Daudi alitubu dhambi yake mbele za Mungu, akasamehewa. Ahithofeli, kwa kadiri Biblia inavyoonyesha, hakuupeleka uchungu wake kwa Mungu wala hakumwendea Daudi kwa wazi kama Nathani alivyofanya.

Daudi aliomba nini katika 2 Samweli 15:31, na ombi hilo lilijibiwaje?

Daudi aliomba sala fupi njiani: Bwana aubatilishe ushauri wa Ahithofeli. Alipofika kileleni, mahali pa kuabudia, alikutana na Hushai Mwarki, joho lake limeraruliwa na mavumbi kichwani. Mungu alijibu maombi kwa kumleta rafiki. Cheo cha Hushai katika 1 Mambo ya Nyakati 27:33 ni hicho tu: rafiki wa mfalme. Naye alirudi mjini kulikojaa hatari kwa sababu huko ndiko alikohitajika.

*Je, kuna jeraha la urafiki ambalo umelitunza kwa miaka? Mathayo 18:15 inakuelekeza hatua gani ya kwanza, na kwa nini hatua hiyo ni ngumu kuliko kuwasimulia wengine?*

ALHAMISI

Agano Linalokumbukwa

Soma 1 Samweli 20:14–17 pamoja na 2 Samweli 9. Daudi alimfanyia Mefiboshethi mambo gani, na kwa ajili ya nani?

Yonathani alikuwa ameomba jambo moja: Daudi asiikatilie mbali nyumba yake fadhili, hata Bwana atakapokuwa amewaondoa adui wote wa Daudi. Neno la Kiebrania linalotumika hapo ni *hesed*, upendo wenye uaminifu wa agano, usiotegemea kama anayependwa ana cha kurudisha. Ni neno ambalo Biblia hulitumia pia kwa fadhili za Mungu mwenyewe.

Habari ya vita vya Gilboa ilipofika, mwana wa Yonathani alikuwa na miaka mitano. Mlezi wake alimchukua akakimbia. Katika haraka hiyo mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Alikulia Lo-debari, nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli, ng'ambo ya Yordani. Daudi alipouliza kama amebaki mtu yeyote wa nyumba ya Sauli, mtoto yule alikuwa mtu mzima mwenye mwana mdogo, Mika. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu kiapo. Aliyeapiwa hakuwepo kudai, na mashahidi wake hawakutajwa. Ilibaki kumbukumbu ya mtu mmoja mbele za Mungu.

Wafalme wa nyakati zile walizoea kuwaangamiza wazao wa nyumba iliyotangulia. Baasha alifanya hivyo kwa nyumba ya Yeroboamu (1 Wafalme 15:29). Ndiyo maana Mefiboshethi alianguka kifudifudi akajiita mbwa mfu. Badala ya upanga alipewa mashamba ya babu yake na nafasi ya kudumu katika meza ya mfalme. Wakati mmoja mahali pa Daudi mezani palikuwa patupu kwa sababu ya chuki ya Sauli. Sasa mjukuu wa Sauli aliketi mezani pa Daudi kwa sababu ya upendo wa Yonathani.

Makiri naye asisahauliwe. Yeye alimtunza yatima kiwete wa nyumba iliyoanguka, kazi isiyokuwa na faida yoyote ya kisiasa. Baadaye Daudi alipofika Mahanaimu akimkimbia Absalomu, kati ya watu watatu waliomletea vitanda, mabakuli, ngano, shayiri, kunde, asali na kondoo alikuwemo Makiri huyo wa Lo-debari (2 Samweli 17:27–29). Mtu mwaminifu kwa mnyonge alikuwa mwaminifu pia kwa mfalme aliyeondolewa kitini.

Siku ya mazishi watu wengi huahidi: "Watoto hawa ni wetu." Baada ya arobaini, simu hupungua. Baada ya mwaka, ada ya shule inakuwa mzigo wa mjane peke yake. Urafiki wa agano huanza kuonekana hasa baada ya turubai kushushwa.

*Ni ahadi gani uliyoitoa kwa marehemu, kwa mjane au kwa yatima? Je, swali la Daudi katika 2 Samweli 9:1 linaweza kuwa sala yako leo?*

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Yohana 15:12–15; Mathayo 26:47–56; Wafilipi 2:5–8; Yohana 21:15–19. Soma pia habari za Daudi alipokuwa mkimbizi katika kitabu cha Ellen G. White, *Wazee na Manabii*.

Usiku ule kabla ya msalaba Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa, bali rafiki, kwa sababu amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Alisema pia kipimo cha juu cha upendo ni mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Saa chache baadaye wote walimwacha wakakimbia. Yuda alipomjia kwa busu, Yesu alimwita hata yeye rafiki. Petro alimkana, lakini baada ya kufufuka Yesu alimfuata kando ya bahari, akamwandalia chakula, akamrudishia kazi.

Yonathani alivua joho la mwana wa mfalme. Kristo, akiwa sawa na Mungu, alijifanya hana utukufu, akatwaa hali ya mtumwa. Yonathani alihatarisha maisha yake kwa ajili ya mtu aliyempenda. Kristo aliutoa uhai wake tulipokuwa tungali adui (Warumi 5:10). Ndiyo maana urafiki wa Kikristo hauanzi na juhudi ya mtu kuwa mwema. Mtu aliyefanywa rafiki wa Mungu bila kustahili hupata uwezo wa kuwa rafiki bila kuweka hesabu. Naye aliyewahi kumsaliti mwenzake, kama Daudi na kama Petro, bado ana mahali pa kurudi.

Maswali ya Kujadili:

1. Mithali 17:17 inamsifu rafiki, na fungu la 18 linalofuata linaonya dhidi ya kuweka dhamana kwa ajili ya mwenzako bila busara. Rafiki yako akikuomba umdhamini mkopo ambao hamtaweza kuulipa, mafungu haya mawili yanakuongozaje? Je, kukataa kunaweza kuwa tendo la urafiki?

2. Yonathani alimpa Sauli maelezo yasiyo ya kweli kumlinda Daudi (1 Samweli 20:28, 29), naye Hushai akajifanya mtu wa Absalomu (2 Samweli 16:16–19). Biblia inasimulia mambo haya bila kuyasifu. Urafiki na ukweli vinapogongana, Mkristo afanye nini?

3. Sauli alikuwa na jeshi lakini hakumpata Daudi, Yonathani alimpata. Kwa nini waumini waliorudi nyuma mara nyingi hufikiwa na mtu mmoja mapema kuliko wanavyofikiwa na kamati ya kanisa? Darasa lenu liweze kutaja, bila kutaja majina hadharani, hatua moja ya kuchukua juma hili.

4. Kwa wazee wa darasa: Yonathani, inaelekea, alikuwa mkubwa kwa umri, naye alimheshimu kijana aliyechaguliwa na Mungu. Ni mambo gani katika kanisa lenu yanayowazuia wakubwa kuwa marafiki wa vijana? Kwa vijana: ni mambo gani katika mwenendo wenu yanayowazuia?

5. Yonathani hakupata malipo yoyote ya urafiki wake katika maisha haya. Tumaini la ufufuo linabadilishaje namna ya kuhesabu faida na hasara katika urafiki?

Kwa ufupi: Rafiki wa kweli hufurahia neema ya Mungu katika maisha ya mwenzake, humtetea asipokuwepo, humfikia alipojificha, na hukumbuka ahadi hata mwenye kuidai akiwa kaburini. Zaidi ya yote humwelekeza kwa Mungu, ili mkono wake uwe na nguvu hata siku wawili hao watakapoachana njiani.